Mashavu ya Ditram

"Kunywa," Costancia alisema, akamsogezea mumewe kikombe cha maji ya ukwaju yasiyotiwa hata chembe ya sukari.

Ditram alikitazama kikombe kile kama mbuzi anavyotazama mvua.

"Mama Scola, kesho namwoza binti, leo unataka kuniua?"

"Kunywa. Kama ni jino, kama unavyosema, utakunywa. Kama si jino, nitaona mwenyewe."

Alipiga funda moja. Maumivu yakamchoma chini ya masikio, kulia na kushoto kwa pamoja, machozi yakamtoka, na mguu wake ukapiga teke ndoo iliyokuwa imekaa zake kwa amani. Akajaribu kutabasamu. Tabasamu lilifika nusu ya safari likarudi.

"Matubwitubwi," Costancia alisema, akachukua kikombe chake.

Naye Ditram alikuwa anajua. Asubuhi ile alikuwa amepita zahanati kimya kimya, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na nesi Salome alimbonyeza nyuma ya taya mara moja tu akacheka. "Baba yangu, utoto huu umeuokota wapi na mvi hizi?" Kisha akaacha kucheka. Akamwambia abaki nyumbani siku tano hivi, asichangie kikombe wala kijiko na mtu, asisogelee watoto, na zaidi ya yote akae mbali na vijana wa kiume ambao hawajawahi kuugua. "Ugonjwa huu ukiwapata watoto, watavimba, watalia, watapona. Kwa mwanamume mkubwa unaweza kushuka kule chini. Si wote, lakini wapo, na wengine huharibikiwa na uzazi. Umenielewa?" Ditram alijibu kwamba ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa vizuri kuliko alivyopenda.

Alikoupata pia alikujua. Wiki mbili na ushee nyuma yeye na bendi yake walipiga kwenye harusi Msowero, na watoto wa kule walicheza mbele ya bendi mashavu yamewajaa, yeye akadhani wanamwigiza.

Maana hayo mashavu ndiyo yaliyompa jina. Tangu ujana wake Ditram alikuwa tarumbeta ya kwanza katika bendi ya matarumbeta ya Kilosa. Alijifunzia misheni, kwa padri mmoja mkali aliyempiga vidole kwa kijiti, na miaka yote ile ya kupuliza ilikuwa imeyalegeza mashavu yake yakawa kama mifuko ya koti la kurithi. Siku za kazi, shambani kwake, yalining'inia tu. Jumamosi, juu ya kirikuu cha bendi, yalifura kama maandazi kwenye mafuta, na watoto walikimbia nyuma ya gari wakiita, "Mashavu! Mashavu!" Kwa hiyo leo, hata yakivimba mara mbili, nani angejua?

"Hakuna atakayejua," alimwambia mkewe.

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo kingoje Jumatatu. Nitasimama nyuma kabisa ya kirikuu. Sitampa mtu mkono, sitakula na mtu."

"Na mate?"

Hilo Ditram alilijua kuliko mtu yeyote. Tarumbeta hunywa mate ya mpigaji. Kila baada ya nyimbo mbili tatu lazima ufungue kitundu kilicho chini ya bomba uyamwage, na yasiyotoka pale hutokea mbele pamoja na sauti. Na watoto hucheza wapi kwenye harusi? Mbele ya tarumbeta, vichwa juu, midomo wazi.

"Nimewapigia mabinti wa watu wote," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Rudewa, Kimamba, Ulaya hii yetu ya Kilosa. Najua mama wa bibi harusi ataanza kulia kwenye ubeti gani, namvutia ubeti ule apate nafasi ya kulia vizuri. Wa kwangu mimi ni mmoja tu, Costancia. Nikae ndani nichungulie dirishani?"

Hapo Costancia alishindwa, kwa sababu na yeye alitaka awepo. Alimpenda mtu huyu, mashavu na yote. Akauliza kwa unyonge, "Na maji je?"

"Maji atatema Kornelio. Si baba yake mkubwa?"

Kwao, watu wa milimani, binti haondoki nyumbani hivi hivi. Yeye na mumewe hupiga magoti uani, baba huchota maji kwenye kibuyu, huyashika mdomoni na kuyapuliza juu ya nyuso zao na vifua vyao, na hiyo ndiyo baraka. Padri analijua jambo hilo na halisemi. Hata mabinti waliosoma mpaka chuo, wanaokataa ngoma na kukataa pombe za mila, maji hayo hawayakatai.

Jumamosi ikafika na jua lake. Turubai lilikuwa limefungwa uani, sufuria za pilau zinatoa mvuke nyuma ya nyumba, na Ditram amejifunga skafu shingoni kama mtu wa Makete kwenye baridi. Kila aliyemnyooshea mkono aliambiwa mikono ina mafuta ya tarumbeta. Walioshangaa skafu waliambiwa ni sare mpya. Uongo ukianza vizuri hujiendesha wenyewe, na kufikia saa nne Ditram alikuwa anaufurahia.

Fuso ya wakwe ikaingia kutoka Tindiga, imepambwa matawi, wanawake wamesimama nyuma wanapiga vigelegele. Wa kwanza kushuka alikuwa mzee Bundala, mjomba aliyemlea bwana harusi, na kofia yake pana na fimbo ya kuchungia ambayo hakuiacha hata kanisani.

"Watani!" alipaza sauti. "Tuliwaomba majani ya ng'ombe mkatunyima. Basi leo tumekuja kuchukua mtoto!"

Watu wakacheka. Walicheka, ingawa ndani ya kile kicheko kulikuwa na mfupa. Bundala na ndugu zake walihamia kutoka ziwani na mifugo yao, na haukuwa umepita muda mrefu tangu ng'ombe walipoingia kwenye mpunga wa watu wa huku na vijana wa pande zote mbili wakashikiana fimbo. Posa ya Paulo, kijana wa Bundala, kwa Scholastica, binti wa Ditram, ilizungushwa kwa msimu mzima. Wapo waliosema haitafika, na baadhi yao walikuwa wamekaa chini ya turubai hili hili wakingoja kuona.

"Mtani," Bundala alimwambia Ditram, akimkagua, "leo mashavu yako yamenona kuliko dume langu la jembe."

"Ni furaha, mtani," Ditram alijibu, akirudi hatua moja nyuma.

Paulo naye akaja, kijana mrefu, fundi magari wa Mikumi, suti imembana mabegani. Aliinama. "Shikamoo, baba." Akanyoosha mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu." Ditram aliificha yake nyuma. "Mafuta, mwanangu. Mafuta ya tarumbeta."

Paulo alirudisha mikono taratibu. Alitabasamu, lakini Ditram aliona lile tabasamu limepoa, na moyo wake ukamuuma kuliko taya.

Bendi ikapiga. Ditram alisimama nyuma kabisa kama alivyoahidi, akampa Jastin, tarumbeta ya pili, kazi kubwa, na yeye akagusa hapa na pale tu. Scholastica akatolewa ndani. Alikuwa amepambwa na binti mmoja mpambaji aliyefunga safari toka Morogoro mjini kwa kazi hiyo, kope ndefu, poda inayong'aa, midomo ya waridi; baba yake alimtambua kwa mwendo. Bibi na bwana harusi wakapiga magoti juu ya mkeka, bega kwa bega. Shangazi Hildegarda, dada mkubwa wa Ditram na mwanamke asiyebishiwa, akaja na kibuyu.

"Kaka Kornelio yuko hapo," Ditram alimnong'oneza.

Kornelio alisikia. "Mimi?" alisema, na yeye hajui kunong'ona. "Baba mtu yu hai, kasimama kwa miguu yake, mimi niteme maji kama nani? Nimzike mdogo wangu mchana kweupe?"

Watu wakaangua kicheko, wakamsukuma Ditram mbele. Kibuyu kikafika mkononi. Kabla hajapata neno la kusema, mkono wake, ambao ulikuwa umeona baba wengi wakifanya hivi, ulikipeleka kibuyu mdomoni, na maji yakajaa.

Sasa yupo pale, mashavu yamefura kwa maji, kwa ugonjwa na kwa miaka ya kazi, na watu wote wametulia. Chini yake Scholastica amefumba macho. Pembeni yake Paulo amefumba macho pia, ameinua uso, na mdomo wake uko wazi kidogo kama wa mtoto anayengoja kulishwa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ditram alifikiria kupuliza upande wa binti peke yake, lakini mabega yao yalikuwa yamegusana. Akafikiria kumwaga chini, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana maji yanayomwagwa chini ni ya msibani. Akamwona Paulo amelala Mikumi, wiki ya tatu ya ndoa yake, amevimba kule alikotaja nesi. Akawaona wajukuu ambao hawatakuja, na hakuna atakayejua kwa nini, isipokuwa yeye.

Akameza.

Ile sauti ya kumeza ilisikika mpaka kwenye masufuria.

"Kameza!" Hildegarda alipiga kelele, na kibuyu kikamponyoka. Jastin aliacha kupiga katikati ya pumzi. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo, lakini kila mmoja alijua maana yake: baba aliyeimeza baraka amekataa kumtoa mtoto.

Bundala alivua kofia. "Mzee Ditram," alisema, na watu wakasikia kwamba hakusema mtani. "Kama ni ng'ombe, ungesema ni ng'ombe. Tuliyavumilia maneno, tukalipa kila mlichotaka, tukaja na watoto wetu na wazee wetu. Ukangoja mpaka kijana wangu apige magoti mbele ya watu ndipo umtukane?"

Paulo alikuwa amefumbua macho. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Baba?" Scholastica alisema.

"Naumwa," alisema Ditram. "Naumwa matubwitubwi."

Mtu mmoja akacheka. Kisha manung'uniko. Kijana wa upande wa wakwe akasema kwa sauti, "Mashavu yake si ndiyo hayo hayo siku zote? Alipiga harusi ya dada yangu, yalikuwa hivyo hivyo!" Na huo ukawa msiba wa Ditram: alikuwa amesema kweli, na uso wake mwenyewe ukatoa ushahidi dhidi yake.

"Usinifanye mtoto," Bundala alisema.

Costancia aliingia jikoni, akatoka na kikombe, akamkabidhi mumewe mbele ya umati.

"Kunywa, Baba Scola."

"Mke wangu..."

"Kunywa."

Akanywa. Jinsi uso ule ulivyojikunja, macho yalivyoingia ndani, shingo ilivyopinda kama ya kuku anayemeza jongoo, hakuna mwigizaji aliyezaliwa anayeweza kuigiza. Bundala alisogea, akainama, akamtazama kwa makini, halafu akapiga fimbo yake chini.

"Ndiyo yenyewe!" alipaza sauti. "Hii ndiyo yenyewe! Mimi niliugua nikiwa mchungaji mdogo, bibi akanipa maziwa yaliyochacha, nikaona nyota mchana. Mtani, kumbe wewe ni mgonjwa!"

Hapo uwanja ukapasuka. Akina mama walizoa watoto wao kama mtu anayeanua mahindi mvua ikiingia. Vijana wa kiume walirudi nyuma kwa pamoja, na wengi wao, bila kujijua, mikono imeshuka mbele ya suruali. Paulo alikuwa amefika kwenye Fuso kabla mtu hajamwambia kitu. Kornelio, mzee mzima, alikuwa juu ya ngazi ya nyumba ya jirani.

Ditram alibaki peke yake katikati ya mkeka. "Nilijua tangu jana," alisema. Hakuna aliyemuuliza, alisema tu, kwa sababu aibu ilikuwa imemjaa mpaka juu. "Nesi aliniambia nikae ndani. Nilitaka kuwepo. Nilitaka kuwepo tu, jamani, mnisamehe. Paulo mwanangu, mikono yangu haikuwa na mafuta."

"Nimeelewa, baba," Paulo alijibu kutoka kwenye Fuso. "Nimeelewa kabisa. Kaa huko huko."

Hata Hildegarda alicheka, ingawa yeye hakuwa amesahau lililomleta. "Kicheko ni kicheko," alisema, "lakini mtoto hajapata maji. Bila maji haondoki mtu hapa."

Scholastica alikuwa bado amepiga magoti. Akamgeukia mama yake. "Mama, mimi si niliwahi kuugua haya?"

"Ukiwa darasa la pili," Costancia alisema. "Tulikupaka masizi ya chungu mashavuni, ukakataa kwenda shule kwa sababu ya masizi, siyo kwa sababu ya ugonjwa."

"Basi hayanirudii."

Akasimama, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akakanyaga mkeka wote kwa viatu vyake vyeupe mpaka mbele ya baba yake. Akainua shela.

"Jamani, mekapu!" mpambaji alilia. "Nimekaa naye tangu alfajiri!"

"Nitemee, baba."

Ditram alimtazama. Chini ya kope zile alimwona mtoto wa darasa la pili, akafuta macho kwa skafu, akalazimika kungoja kidogo, maana mtu hawezi kushika maji mdomoni na huku analia. Hildegarda aliokota kibuyu kwa ncha za vidole, akakijaza, akakiweka chini na kukimbia. Ditram akachukua maji. Akapuliza kama alivyofundishwa kupuliza, pumzi kutoka tumboni, sawasawa, bila kukatika, na maji yakatua usoni kwa mwanawe kama umande, yakashuka na poda, yakashuka na waridi, na kope moja ikaanguka kifuani.

Vigelegele vilitoka pande zote mbili, kutoka mbali kidogo.

"Na mimi je?" Paulo aliuliza kwa sauti.

"Wewe nitakutemea nikipona!" Ditram alijibu. "Sifi na maji yako!"

Hildegarda alikuwa ameshaleta ndoo na sabuni ya mche. Alimsugua bibi harusi uso, shingo na mikono kama anayeosha sufuria ya pilau. Mpambaji akauliza kwa uchungu kama baraka nayo haitaondoka na povu. "Baraka haitoki kwa sabuni," Hildegarda alimjibu. "Ingekuwa inatoka, ingekushika mikononi wewe unayewanawisha mabibi harusi, na ungekuwa umeolewa mara ngapi?" Gauni likapigwa pasi upya na shela ikabadilishwa kwa nyingine ya kuazima. Mwishowe Scholastica alipanda gari la maua akiwa na uso wake mwenyewe, mtupu, unang'aa kwa maji tu, na Paulo alimtazama kwa namna ambayo mpambaji alikiri baadaye, kwa shingo upande, kwamba hakuiona mara nyingi katika kazi yake.

Msafara wa Mikumi ukapangwa. Costancia alitaka kubaki, mumewe akamkatalia. "Mmoja wetu aone," alisema. "Ukirudi utanihadithia mpaka nichoke." Akampungia kutoka mlangoni, skafu mkononi, na alihuzunika, hakuna haja ya kuficha. Alihuzunika kama mtu aliyelima msimu mzima na siku ya kuvuna akafungiwa ndani.

Magari yalipotoka, akakuta mtu amekaa chini ya turubai tupu na sinia la pilau.

"Mtani, umeachwa?"

"Nimejiacha," Bundala alisema. "Mimi nilishaugua, hunitishi. Huko ukumbini Mikumi watanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa wanipigie muziki wa kompyuta. Tena mtani haachwi peke yake siku kama ya leo, hata kama ni mkulima." Akamsogezea sinia. "Kula wali. Nyama nitakusaidia."

Barabarani, karibu na daraja la Mkondoa, bendi ilianza. Ngoma, lile tarumbeta kubwa la besi, kisha Jastin. Ditram aliacha kutafuna. Jastin alikuwa anapiga sauti yake ile ile ya pili, ya chini, kwa unyenyekevu. Juu yake, mahali ambapo wimbo wenyewe hutembea, hapakuwa na kitu. Hakupajaza. Alipita pembeni, ubeti baada ya ubeti, kama mtu anayepita pembeni ya kiti cha mwenye nyumba.

"Mbona wimbo wenu hauna kichwa?" Bundala aliuliza.

"Kichwa kimebaki hapa."

"Sasa unangoja nini?"

Ditram alinyanyua tarumbeta. Sauti ya kwanza ilikatika, na maumivu yakampanda mpaka utosini. Ya pili ikashika. Akavuta pumzi, akaingia penye nafasi yake, juu ya Jastin, juu ya ngoma, na mashavu yale yakafura uani peke yake bila mtoto wa kuyaita. Msafara ulishapita daraja. Besi ilipotea kwanza, kisha Jastin akawa anakuja na kupotea kwa kadiri ya upepo.

"Bado wanasikika?" Ditram aliuliza kati ya pumzi na pumzi.

"Wewe piga."

Bundala alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kofia mkononi, sikio limeelekea njia ya Mikumi, na fimbo yake ameinyanyua juu. Kila alipodhani amesikia ngoma aliitikisa, na Ditram akaingia.